Mwaka Ambao Chai Ilipunguza Tija

Kadi ya Bwana Ireri ilinifikia kwa simu, picha yenye maua ya zambarau pembeni: ibada ya shukrani kwa kustaafu kwake, nyumbani kwake Mbeere, wageni waheshimiwa wawe wameketi kufikia saa nne. Nilikuwa mbele ya darasa tupu, nikingoja wanafunzi wangu wa takwimu, na nilipofika kwenye lile neno "wageni" nikacheka peke yangu hadi mfagiaji akachungulia mlangoni. Hakuna neno lililonisumbua kazini kuliko hilo. Wanafunzi walipoingia nilifundisha vibaya, maana akili ilikuwa imeshateremka hadi nyanda kame za Embu, kwenye ukumbi wa benki wenye feni moja isiyozunguka, katika mwaka ule niliokuwa nimetoka tu chuoni na kupata kazi yangu ya kwanza. Mengi ninayowaambia hawa vijana leo kuhusu kupima kazi ya watu niliyajua mwaka ule, na walionifunza ni wawili. Wa kwanza ni Daktari Karimi wa Kaaga, aliyeniajiri kumsaidia katika utafiti, na aliyetutoka miaka kadhaa sasa, Mungu amlaze pema. Wa pili ni huyu Ireri, ambaye alinifunza bila kukusudia, kwa kunilisha.

Nyumba ya Daktari Karimi ilikuwa nyuma ya ua mrefu wa kayaba pale Kaaga, pembeni mwa mji wa Meru, karibu na shule kiasi cha kusikia kengele zao zote, na kengele za shule mbili tofauti hazikukubaliana hata siku moja kuhusu saa. Sebule yake haikuwa na sofa. Ilikuwa na meza moja ndefu. Mwisho mmoja tulifanya kazi na mwisho wa pili tulikula, na mara nyingi mchuzi ulivuka mpaka. Daktari alikuwa mchumi, mwanamke mfupi wa sweta mbili, ambaye alipika mwenyewe kwa sababu, alisema, hakuna mtu aliyewahi kumtungia nadharia nzuri ya vitunguu. Siku ya kwanza aliniuliza tija ni nini. Nikamtapikia kitabu kizima. Akaninyamazisha kwa mwiko. "Kagendo, wachana na hiyo. Hii sufuria ya mukimo unaiona? Kuni ni zile za jana, mpishi ni yule wa jana, viazi ni vile vya jana. Kama leo wameshiba watu wengi kuliko jana, hiyo ni tija imeongezeka. Sasa wewe unaenda kuniambia kama benki zetu zinashibisha watu wengi kuliko mwaka jana." Kisha akaketi na kunieleza ugumu wenyewe. Wenzake wa Kampala, Dar es Salaam na Kigali walikuwa wakifanya utafiti uleule, ili ijulikane ni nchi gani benki zake zinakua kwa kasi kiutendaji. Lakini vitabu vya benki havisemi lugha moja. Huku wanahesabu akaunti zote, hata zilizolala miaka. Kule wanahesabu mikopo tu. Ndiyo maana, mbali na vitabu, alitaka macho: mtu akae ndani ya tawi siku ya kazi ya kawaida, aone wafanyakazi wangapi wanahudumia watu wangapi, mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ukuaji.

Benki iliyotufungulia milango ilikuwa na sharti lake. Ilitaka kuona nambari zetu, tawi kwa tawi, kwa sababu ilikuwa ikifikiria kupunguza matawi madogo. Daktari hakunificha hilo. "Nambari yako itasomwa na watu wenye kufuli mkononi," aliniambia akinipakulia. "Kwa hivyo usiongeze, usipunguze." Nilitikisa kichwa kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kukosea kitu kikubwa.

Nilipewa matawi matatu. La Meru mjini lilikuwa hatua chache kutoka soko la Gakoromone, na wateja wake walikuwa kina mama wa ndizi na maparachichi walioingia na haraka zao, wakisukumana kwa heshima. Pale hakuna aliyenitazama mara mbili, isipokuwa askari wa mlangoni aliyetaka kujua kama ninangoja mtu. La Timau lilikuwa baridi hata mchana. Wafanyakazi wa mashamba ya maua walikuja na makoti juu ya ovaroli, wakapiga foleni wakipuliza viganja, na keshia aliandika amevaa glavu zilizokatwa vidole. Huko nilipewa kiti, basi. Kiti chenyewe kilikuwa karibu na mlango, na upepo wa mlimani ulinipima mimi kuliko nilivyowapima wao.

Halafu Mbeere. Tawi lilikuwa la vyumba viwili na kaunta mbili, ukutani vumbi jekundu hadi usawa wa magoti. Nilipojitambulisha, Bwana Ireri, meneja, alitoka ofisini kwake akiwa amenyoosha mikono yote miwili. Alikuwa mwembamba, mwenye tai fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, na uso wa mtu aliyeletewa habari njema. "Madam Kagendo! Umetoka Meru hadi hapa kwetu? Wawira, funga kaunta kidogo, tumepata mgeni!" Wawira, keshia, mama mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi, akafunga. Yule wa kaunta ya pili naye akafunga, maana haikuwa adabu abaki. Tukaomba. Wafanyakazi wakajitambulisha mmoja mmoja pamoja na kanisa analosali. Chai ikaja, mayai yakaja, chapati zikaja zimefunikwa kwa kitambaa. Kupitia mlango wa ofisi niliona foleni imesimama, nikaona aibu, nikasema wateja wanangoja. Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya foleni alinisikia. "Wacha kwanza akunywe chai huyo msichana," akawaambia wenzake. "Si mnaona ametoka mbali?" Foleni nzima ikakubali. Nilitamani kumwambia kwamba hilo nalo linaandikwa.

Na niliandika. Ziara ya pili kulikuwa na mbuzi. Ya tatu kulikuwa na mbuzi, na pasta wa karibu aliyealikwa kuja kunisalimia. Kila mara Ireri alisema methali ileile akinisukumia sahani: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilikula, nikashukuru, nikarudi kwenye benchi kuhesabu wateja wachache waliohudumiwa kati ya sala na nyama, nikarudi Kaaga na nambari ndogo kuliko zote. Moyoni nilishawaweka kwenye kundi lao: watu wazuri sana, wafanyakazi wavivu. Nilikuwa na elimu ya kutosha kufanya hukumu hiyo haraka.

Asubuhi moja nilikuwa mezani, Daktari yuko barazani, simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, mlango wazi. Alikuwa akizungumza na mkubwa mmoja wa benki huko Nairobi. Nilisikia upande wake tu. "Ndiyo, la Mbeere ndilo la mwisho mpaka sasa... Hapana, hata ukilinganisha na yale madogo ya Uganda... Kufunga ni uamuzi wenu, mimi napima tu." Akasikiliza. "Mwisho wa mwaka, basi." Kalamu yangu ilisimama. Nilijua kufunga maana yake nini kule chini. Simu za kutuma pesa zilikuwa bado changa, na nyanda zile mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Walimu wangepanda hadi Embu mjini kwa ajili ya mshahara, wazee kwa ajili ya pensheni, siku nzima ikiliwa na njia. Wawira alikuwa akisomesha watoto. Ireri alikuwa ameomba mwenyewe kupelekwa tawi lile, la nyumbani kwao, wakati wenzake waliomba Nairobi.

Daktari aliporudi ndani alinikuta napanga vitu nilivyopewa ziara ya mwisho: chupa ya asali, mfuko wa ndengu, na kuku aliyekuwa bado akilalamika chini ya meza. Alimtazama kuku, akanitazama mimi. "Hivi vyote hupewa saa ngapi?"

"Nikiwa huko, Daktari."

"Najua uko huko. Saa ngapi? Kabla ya kufungua ama baada ya kufunga?"

"Saa za kazi."

"Na chai?"

"Saa za kazi."

"Na nani anapika?"

"Wawira anasimamia. Anatoka kaunta anaenda kuonja."

Aliweka mwiko chini. Kwa kawaida Daktari Karimi hakuweka mwiko chini. "Woi, Kagendo," akasema polepole. "Hujapima benki. Umejipima wewe ukikula." Kisha tukacheka, maana hapakuwa na lingine la kufanya, tukacheka hadi machozi, na yule kuku akapiga kelele zaidi. Lakini nilipoacha kucheka nilivuta daftari langu na kuzitazama zile nambari upya. Tawi lilikuwa karibu kufungwa kwa sababu ya ukarimu wake kwangu.

Sasa nenda ukamwambie Mmbeere asikukaribishe. Nilijaribu ofisini kwa Ireri, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima, na alinisikiliza akiinamisha kichwa. Wawira alikuwa amesimama mlangoni, na yeye ndiye aliyejibu. "Sasa tukunyime chai? Ukae hapo kavu kama mtu wa polisi? Watu watasema nini? Hata mama yangu atanichapa, na ni mzee." Nikasema ni kwa faida ya tawi. "Tawi ni yetu na aibu ni yetu," akasema, "na aibu inadumu kuliko tawi." Ireri alizungusha kalamu. Nilimwona akihangaika kweli, maana alielewa hatari kuliko sisi sote, na bado alitafuta njia ambayo haingemfanya mtu mwenye choyo. Mwishowe akainua uso. "Umekuja mara ngapi, Madam?" Nikasema hii ni ya nne. "Basi tumechelewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wawira, mpe jembe." Jembe lenyewe lilikuwa meza ndogo karibu na mlango, ambapo nilitakiwa kuwasaidia wazee kujaza karatasi za kuweka na kutoa pesa. Kuanzia siku hiyo nilikunywa chai kama wao, nimesimama, zamu kwa zamu, kikombe cha bati. Hakuna aliyeniita Madam tena. Niliitwa Kagendo, na nilipokosea kujaza karatasi Wawira alinigombeza mbele ya watu.

Nilimpelekea Daktari habari hizo nikijivuna. Alizisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama siku hizo nilikuwa nikifanya kazi ya benki. Nikasema ndiyo. "Basi wewe sasa ni mfanyakazi. Jihesabu." Nikajihesabu. Tija ya tawi ikashuka kidogo kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kuandika lakini mwingi wa maneno. Ziara zilizofuata nilirudi kwenye benchi langu, na kwa kuwa sasa walinizoea, hawakunijali, na hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mtafiti. Wakati huo ndipo nilipowaona wakifanya kazi. Niseme wazi: sijawahi kuona kaunta mbili zikienda namna ile. Wawira alijua kila mteja, alijua saini ya nani hutetemeka na kwa nini, na foleni yake ilitembea huku akiwatania.

Mwisho wa mwaka nambari ziliungana kutoka nchi zote nne, zikatandazwa kwenye ile meza ndefu. Tawi la Mbeere lilikuwa limekua kuliko tawi lolote, Kenya, Uganda, Tanzania ama Rwanda. Mwenzetu wa Kampala alipiga simu kwa mshangao kuuliza huko Embu wamefanya mageuzi gani. Nilikaribia kuruka. Tawi lilikuwa limeokoka, hakuna mtu angeweza kufunga tawi kama hilo. Nilipogeuka, Daktari alikuwa ametulia, amekunja mikono ndani ya sweta zake.

"Hiyo growth si ya benki," akasema. "Ni ya chai. Mwanzo wa mwaka walikulisha, mwisho wa mwaka hawakukulisha. Ndiyo tofauti."

"Lakini Daktari, sasa hivi wanafanya kazi nzuri kweli! Nimeona!"

"Wanafanya. Na pengine mwanzo wa mwaka walifanya hivyohivyo. Hatujui, kwa sababu ulikuwa unakula." Alisema bila ukali. "Njia ya mwongo ni fupi, msichana wangu. Mwaka ujao watatafuta hiyo growth tena na hawataipata. Ndipo watafunga, na hakuna mtu atatuamini tukisema kitu."

Nilibishana naye mchana kutwa. Nilisema kuna wazee, kuna walimu, kuna watoto wa Wawira. Hakunikatiza. Alinipakulia githeri, akaniambia niende nikamuulize mwenye tawi, kwa sababu ni kichwa chake kinachokatwa. Nikateremka Mbeere nikiwa na hakika kwamba Ireri atakuwa upande wangu. Nilimweleza yote, ile nambari nzuri na jinsi ilivyopatikana. Alitoka ofisini akasimama ukumbini, akawatazama watu wake kwenye foleni, mikono mfukoni. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Andika chai."

"Wakifunga, je?"

"Andika chai, Kagendo. Na uandike wale mbuzi."

Basi ripoti yetu ilikwenda Nairobi hivyo. Kwa Mbeere, mahali pa ukuaji, Daktari aliandika kwamba haujulikani, na akaeleza sababu kwa Kiingereza chake kilichonyooka: vipimo vya mwanzo vilichukuliwa siku ambazo wafanyakazi walikuwa wakimkirimu mtafiti. Kwa kiwango cha sasa, tawi lilikuwa katikati ya orodha. Nairobi walishangaa, wengine walicheka, wengine hawakuamini neno. Wakasema watatuma watu wawili wakae siku nzima waone wenyewe.

Nilikuwepo siku hiyo, na hadi leo nikiikumbuka natoka jasho. Wakubwa wawili, suti za kijivu, viatu vimeshika vumbi jekundu, waliingia asubuhi wakaketi kwenye benchi pamoja na wateja. Ireri aliwaamkia, akawaonyesha mahali pa kukaa, akarudi ofisini. Hakuna sala. Hakuna chai. Nilimwona kupitia kioo akisimama, akiketi, akisimama tena, akishika kitasa cha mlango na kukiachia. Wawira hakuinua kichwa kaunta, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa. Wateja ndio walioshindwa kuvumilia. "Ireri anaendelea aje?" mama mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Ameanza kunyima watu lini?" Mwingine akasema pengine ni ugonjwa. Kufikia saa sita harufu ya nyama ilianza kuingia kwa dirisha la nyuma, maana nyuma ya jengo mbuzi alikuwa ameshawekwa motoni na shemeji zake Ireri, ambao hawakuwa wafanyakazi wa benki. Hilo alikuwa ameniuliza kwanza kama linaruhusiwa. Wakubwa walimeza mate. Yule mama wa kwanza alipoona hivyo alifungua kikapu chake, akawapa ndizi mbivu mbili mbili, akawapa pole kwa niaba ya kijiji. Walikula wakiinama kama watoto wa shule.

Mlango ulipofungwa na mteja wa mwisho kutoka, Ireri alitoka ofisini karibu akikimbia. Aliwashika mikono kwa mikono yake miwili, na nadhani alikuwa akilia. "Karibuni sasa! Karibuni, karibuni!" Nyama ikaja, ugali ukaja, asali ikaja, pasta akaja. Mkubwa mmoja, akiwa ameshavua koti, alimuuliza kwa utani kwa nini aliwatesa na harufu ile mchana kutwa. Ireri akajibu bila kutafuta maneno: "Mlikuja kuona benki, bwana. Hamkukuja kuniona mimi." Yule mkubwa aliacha kutafuna. Hawakuahidi kitu jioni ile, lakini mwezi uliofuata feni ilikuja mpya, na hakuna mtu anayenunua feni ya tawi anayetaka kulifunga. Tawi lile liko wazi hadi sasa. Ni dogo zaidi, maana watu wengi wanatumia simu, lakini wazee bado wanaingia na kuuliza Wawira alienda wapi.

Wanafunzi wangu huniuliza kama utafiti ule uligundua nchi ipi ilikuwa mbele. Uligundua, na Daktari aliandika vizuri, na wengine wameandika vizuri zaidi baada yake. Mimi nilichobaki nacho ni shukrani. Nashukuru kwamba nilipokuwa kijana mwenye kiherehere, niliangukia mikononi mwa mwanamke ambaye hakutaka nambari ya uongo hata ilipokuwa na moyo mzuri, na mwanamume ambaye alikuwa na kila sababu ya kuitaka akasema niandike chai. Wengi huanza kazi na watu wabaya na kuchukua miaka kujifundisha upya. Mimi nilianza vizuri bila kustahili.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye shukrani ya Ireri. Hema zilikuwa tatu, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, na nilifika nimevaa nguo yangu nzuri, nikakaa mstari wa pili. Mshereheshaji akaanza kuwaita wageni wasimame wasalimie: wa kanisa, wa serikali, wa benki, wa kutoka mbali. Alipotaja waliotoka Meru nikasimama, nikarekebisha kitambaa cha kichwa. Ireri, mvi tupu sasa, tai bado fupi, akaomba kipaza sauti. "Huyo mtoe kwa hiyo list," akasema. "Huyo si mgeni." Watu wakacheka. Kutoka upande wa jikoni sauti ya kuita mbuzi ikapaa juu ya hema zote: "Kagendo! Unakalia nini huko? Kuja hapa!" Nilikwenda. Wawira, sasa anatembea na fimbo, alinifunga leso kiunoni, akanishika uso kwa viganja viwili, kisha akanipa kata na kunielekeza kwenye sufuria ya chai. Mbele yangu kulikuwa na foleni inayozunguka hema hadi nyuma ya nyumba. Nilipakua nikisalimia kila mtu, nikiuliza wametoka wapi, macho yamejaa machozi, hata mama mmoja mzee nisiyemjua, katikati ya mstari, akanyoosha shingo. "Wewe mama wa chai," akasema, "enda haraka, watu ni wengi."

Nikaenda haraka.